Neno Mola Kwenye Karatasi Yangu

Neno lenyewe lina herufi nne tu, nami nilidhani nalijua tangu nikiwa mtoto wa chuoni, nabeba juzuu kwapani. Wenzangu wenye ugonjwa huu wakisimulia huanza na damu, au na kutapika. Mimi pia ndivyo nilivyoanza katika daftari langu. Lakini nikilisoma sasa naona damu haikunipoteza. Kilichonipoteza ni neno.

Naitwa Mwanasha, mama yake Zuhura. Tunakaa Quitunda, karibu na mji wa Palma, katika nyumba hizi za bloko tulizopewa tulipohamishwa kule tulikozaliwa. Mume wangu, Abudo, ni fundi wa mota, yaani pikipiki. Nilisoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba naomba mlikumbuke, maana ndilo lililoniponza. Kitabu sijui kukiandika. Najua kusuka mkeka. Daftari nilianza kuliandika kwa sababu nilikuwa naogopa, na hakuna mtu anayeweza kuambiwa hofu ileile mara kumi kwa siku bila kuchoka. Waliomo humu nimejaribu kuwatendea haki, hata pale nilipokuwa sitaki.

Mimba iliingia mikorosho ilipokuwa inatoa maua. Tulikuwa tumeingoja miaka minne, kwa hiyo nilipoanza kutapika nilitapika kwa furaha. Lakini kutapika huku hakukuwa kwa kawaida. Nilitapika uji, nikatapika maji, nikatapika harufu ya maji. Tumbo nalo likawa na haraka. Mimba ya miezi miwili na nusu, mimi nafunga kapulana, kanga yangu, juu ya kifua kama mwenye miezi mitano.

"Hawa wawili," akasema Mama Atija. Huyo ni mama mkwe wangu, tunakaa naye nyumba moja. "Mtu mmoja hawezi kukutapisha hivi. Wanagombana humo ndani."

"Basi anayeshinda ni wa kike," Abudo akamjibu. "Kachukua kwa bibi yake."

"Na anayelia ni wa kiume. Kachukua kwa baba yake."

Tulicheka sote. Siku ile nimeandika: *Leo tumecheka. Nina hofu, sijui ya nini.* Sisemi kwamba nilikuwa na maono. Mimi huwa na hofu hata siku ambazo hakuna kitu, kwa hiyo hofu yangu si ushahidi.

Mwezi wa tatu wa mimba damu ikaanza, kidogo, rangi ya kahawa. Siku ya nne, nikiwa msalani, kikatoka kitu ambacho sijakiona kabla. Vipovu. Vidogo, vyeupe, vyenye maji, vimeshikana kama vile vibofu vya mwani ambavyo watoto huvikanyaga ufukweni vikalia pa, pa. Mtu hakuwamo. Nisamehewe kwa kuandika hivi, lakini kama na wewe umeviona, ujue si wewe wa kwanza, na usivitupe. Viweke katika chombo uende navyo. Mimi nilivitupa, halafu nikawa na kazi ya kuvieleza kwa vidole.

Abudo alinipakia kwenye mota mpaka kituo cha afya Palma, polepole, anakwepa kila shimo kama amebeba mayai. Mama Atija akaja nyuma na mota ya jirani. Tulikaa kwenye benchi la saruji tangu asubuhi. Waliponiita sikusimama, kwa sababu nilijua nikisimama benchi litanitangaza. Mama Atija hakuuliza. Alisimama nyuma yangu, karibu kabisa, kifua chake mgongoni mwangu, tukatembea hivyo kama mtu mmoja mwenye miguu minne mpaka mlangoni. Halafu akarudi na ndoo ya maji akaosha lile benchi. Jambo hili naliweka hapa mapema, kwa kuwa mbele nitasema mengine juu yake.

Aliyenipima alikuwa sinyora mmoja kutoka kusini ya nchi, mwuguzi. Mpole, ila Kireno chake kilikwenda mbio. Alinipaka yale mafuta ya baridi tumboni, akatazama kioo cha mashine. Nilitafuta uso wake, nao ulikuwa umegeukia kioo. Siku ileile wakanisafisha kizazi. Maumivu yake nayaacha. Yalipita, na nilishikwa mkono na mtu ambaye sikumwona uso.

Baadaye nikakalishwa kwenye kiti. Mlangoni alikuwapo Bi Anshura, mama wa usafi wa pale, mwenyeji wetu, amesimama na kitambaa chake cha kupigia deki. Ndiye anayetafsiri kwa wasiosikia Kireno.

"Nikusaidie, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nasikia. Nimesoma."

Ndivyo nilivyosema. Nimesoma. Akarudi kwenye ndoo yake.

Sinyora akasema maneno mengi. Nilikuwa bado nina kizunguzungu cha dawa, lakini sitajificha nyuma ya dawa. Nilisikia vipande. Nilisikia *semana*, yaani wiki. Na nilisikia waziwazi, mara mbili, akilitaja kwa uzito: "É mola." Ni Mola. Na aliposema hivyo akainua kidole, akaonyesha juu.

Nikaitikia kwa kichwa. Machozi yakanitoka, maana niliona hata huyu sinyora wa Kikristo, mwenye mashine yake, ameona apeleke jambo kwa mwenyewe. Akaniandikia karatasi, neno likiwa juu kabisa kwa herufi kubwa, MOLA, na chini yake mistari miwili ya mwandiko kama nyayo za kuku.

"Umeelewa?" akauliza kwa Kireno. Swali hilo nililisikia vizuri sana.

"Sim, sinyora," nikajibu. Ndiyo.

Nyumbani nilitafsiri kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe. Nikasema: mimba imetoka, hakuna kosa la mtu, sinyora amesema ni Mola, nipumzike wiki moja. Mama Atija akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Kusoma Kireno hajui, lakini nilimwonyesha lile neno, naye akalipitishia kidole. Abudo akachungulia.

"Mola?" akasema. "Mola si springi? Kule kwa Kireno springi ya mota ndiyo mola. Juzi nimeagiza mbili za nyuma."

"Astaghafiru!" mama yake akamkemea. "Mkeo ametoka damu, wewe unaleta springi."

"Mama, mimi nasema neno tu."

"Neno gani! Kwa hiyo mkeo ana springi tumboni?"

"Kwa jinsi alivyokuwa anatapika..."

Akafukuzwa barazani. Nami nikamnunia siku mbili. Leo nakiri: kati yetu watatu, yeye ndiye aliyekaribia. Hakujua ni nini, lakini alijua kwamba siye tuliyemdhania.

Mama Atija akaikunja ile karatasi akaitia ndani ya msahafu wake, unaofungwa katika kitambaa cha kijani anachokifukizia udi. Karatasi yenye jina la Mola haiwekwi popote. Ikakaa humo wiki kumi.

Wiki kumi zile, nikizisoma katika daftari, nataka kuingia humo nimtikise yule anayeandika. *Leo matiti yanauma. Leo nimetapika tena, labda samaki. Tumbo halirudi.* Mvua zikaanza, damu nayo ikaanza tena, na safari hii haikuacha. Shingo ilikuwa inadunda nikiwa nimekaa. Nikimwambia Mama Atija turudi Palma, anasema, "Tutakwenda, lakini mwanangu, daktari mwenyewe kaandika Mola. Sisi tutakata rufaa kwa nani?" Sikubishana naye, kwa sababu maneno yale yalitoka kinywani mwangu kwanza. Jirani mmoja akanong'ona kwamba mimba ile ilikuwa ya jini wa baharini, ndiyo maana ilitoka kama mwani. Hilo nalo niliamini kwa siku kama tatu. Siku nyingine niliamini yote mawili pamoja.

Aliyeyavunja hayo ni Zuhura, naye ana miaka sita tu. Alinikuta nimekaa chini jikoni siwezi kuinuka, akasema, "Mama, umekuwa mweupe kama bloko." Abudo akasikia. Hakumwuliza mama yake wala mimi, akanipakia kwenye mota mpaka Palma, na Mama Atija akatufuata na msahafu wake.

Kwa yule sinyora safari hii nilimtaka Bi Anshura aingie, akae katikati yetu. Sinyora akaniangalia muda mrefu.

"Anauliza ulikuwa wapi," Bi Anshura akasema. "Anasema alikuambia uje kila wiki. Kila wiki, kutolewa damu. Alikuonyesha mpaka kalenda."

Nikainua macho. Juu ya kiti nilichokalia mara ile, ukutani, juu kabisa karibu na dari, kulikuwa na kalenda ya picha ya maua.

"Anaomba ile karatasi."

Mama Atija akafungua kitambaa cha kijani, akaitoa msahafuni, akaiweka mezani taratibu. Chumba kizima kikanuka udi. Sinyora akainusa, akamtazama Bi Anshura, akauliza, Bi Anshura naye akamweleza. Niliona jinsi uso wa sinyora ulivyobadilika. Alikaa chini. Nilitamani anigombeze. Badala yake akatia mkono wake juu ya wangu, akasema neno, na Bi Anshura akalitafsiri: "Anasema, jina la ugonjwa ndilo hilo. Mola. Ni ugonjwa, mwanangu. Haukutoka wote. Umebaki, na unakua."

Mama Atija akasema, "Subhanallah," akaurudisha msahafu kitambaani.

Naandika haya nikijua kuna watakaosema kosa ni la sinyora, angetafuta Kiswahili. Lakini yeye aliuliza kama nimeelewa. Na mtafsiri alikuwa mlangoni, na kitambaa mkononi.

*

Pemba tulikotumwa, ule mji wa hospitali kubwa, si kile kisiwa, tulikwenda kwa njia ya Mueda, kwa kungoja magari yasindikizwe na askari kama kawaida. Siku mbili tulingoja, na katika hizo mbili nilihesabu kila tone. Nilifikia kwa shangazi yangu Zainabo, ambaye ana chumba kimoja na moyo wa vyumba saba.

Dotora wa Pemba alikuwa mwanamke aliyelelewa katika visiwa vya pwani yetu, anasema Kimwani, ndugu ya Kiswahili chetu, kwa hiyo nilimsikia bila kukaza shingo. Hata hivyo nilimwambia, "Dotora, mimi huwa nasema nimeelewa wakati sijaelewa."

"Vizuri," akasema. "Basi kila nikimaliza, utanirudishia kwa maneno yako."

Akachora duara mbili. Akaeleza kwamba mwili wa mtu kila siku unagawa chembe zake, moja inakuwa mbili, nakala kamili, ndivyo kidonda kinavyojifunga. Lakini yai la mwanamke na mbegu ya mwanaume hazitengenezwi kwa nakala. Hizo hupunguzwa, kila moja ibebe nusu tu, ili zikikutana zitimie mtu mmoja.

"Sasa nirudishie."

Nikafikiri. Nikasema, "Ni kama ukili. Ukisuka, miyaa ya upande huu inakutana na ya upande ule. Kila upande una nusu yake. Zikipishana ndiyo ukili unakaa."

"Na upande mmoja usipokuwapo?"

Nikamwambia mtu anaweza kuikunja ile ya upande mmoja ikajirudia yenyewe. Kwa mbali utaonekana ukili. Lakini haulali, unajisokota, na ukiushona mkeka hautoki.

Dotora akaweka kalamu chini. "Ndiyo mola hiyo. Yai lako moja lilitoka tupu, halikubeba nusu yake. Mbegu ikaingia, ikakosa mwenzake, ikajirudia yenyewe. Ikawa inakua bila mtu."

Abudo alikuwa amekaa pembeni, kofia mapajani. "Kwa hiyo, dotora, ile iliyokuwa inakua ilikuwa ya kwangu tupu?"

"Yako tupu."

Akaigeuza ile kofia. Halafu akasema, "Ndiyo maana ilikuwa kaidi."

Dotora alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshikwa na *yai lako lilitoka tupu*. Nikauliza nilifanya nini. Akasema sikufanya kitu. Mayai yote mwanamke huzaliwa nayo, yanaanza kutengenezwa yeye mwenyewe akiwa tumboni kwa mama yake. Basi akili yangu ikakimbilia huko. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinibeba wakati wa vita vile vya zamani, anakula mizizi porini. Nikauliza, "Kwa hiyo ni njaa ya mama?" Dotora akasema hapana, tena akasema polepole: huwatokea walioshiba na wenye njaa, si mama, si wewe, si mumeo, si jini. Moja limekosea kati ya mengi. Nilimrudishia maneno hayo kama alivyotaka. Kuyaamini kulichukua muda zaidi, na siku nyingine hata sasa hakujakamilika.

Damu yangu ilikuwa na namba. Hiyo ndiyo mtaishi nayo, wenzangu. Mwili wenye mimba hutoa kitu fulani katika damu, na ile mola nayo hukitoa, kwa wingi kuliko mtoto. Kwa hiyo wanapima, na namba inatakiwa ishuke mpaka chini ya tano, ikae huko. Yangu ilianza elfu arobaini na moja. Abudo akakaa siku mbili, akarudi kwa Zuhura na kwa kazi. Nilibaki mimi na namba.

Dawa ilikuwa sindano: nne katika wiki moja, siku moja sindano, siku ya pili kidonge, kisha wiki ya kupumzika, kisha tena. Nilikwenda Pemba na miyaa iliyokwisha kupakwa rangi, maana mikono yangu haijui kukaa. Kila duru ya sindano nikasuka pindi moja la ukili. Kwenye benchi la kungojea akanizoea mama mmoja wa Kimakonde, Rosa, kutoka Mueda, naye anakuja kwa sindano za uvimbe wa titi.

"Unasuka mkeka wa nini, dada?"

"Wa kulalia."

"Haya. Maana nilidhani ni ule mwingine." Nilijua ni ule wa kuzikia, na kwa kuwa uso wangu uliharibika, akanipiga bega. "Ah, usiwe hivyo! Huo mwingine mtu hajisukii, husukiwa. Endelea."

Duru ya kwanza haikunifanya kitu, nikajiona hodari. Ya pili kinywa kikachubuka chote, ndani ya mashavu, chini ya ulimi. Hata mate yalikuwa moto. Shangazi Zainabo alinipikia uji wa mchele, akauacha upoe, akaupoza tena kwa kuuhamisha kikombe hadi kikombe, hasemi kitu. Macho yakawasha kama nimeyatia mchanga. Nywele hazikudondoka, wengine nasikia zinadondoka. Nilinuka dawa, au nilijinusa hivyo. Namba: elfu tisa na mia nane. Kisha elfu moja na mia mbili. Nilikuwa naishika karatasi mbali na uso, kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

Ramadhani ikaingia katikati. Dotora akakataza kufunga, na nikala mchana nikiwa nimegeukia ukuta, ingawa hakuna aliyenitazama. Shangazi akasema, "Geuka huku. Mola gani atakayekukasirikia kwa uji?" Akasita baada ya kulitamka, nami nikasita, kisha tukacheka mpaka midomo ikapasuka, yangu kwa kweli.

Mwezi ule Mama Atija alinitumia mzizi, umefungwa katika kitambaa kilekile cha kijani, na ujumbe kwa mdomo wa jirani: nichemshe, ninywe asubuhi. Nilijua ameutafuta mbali. Nikanywa asubuhi mbili. Wiki ile namba ikatoka mia tatu na kumi. Iliyofuata ikatoka mia mbili tisini na tano.

"Imesimama," dotora akasema. Akasema ikisimama tena watabadilisha dawa, ya pili ni kali, na ni ya muda mrefu.

Nilimwambia juu ya mzizi. Ilinichukua mpaka niko mlangoni, nikarudi, nikamwambia. Hakukunja uso. Akasema huenda si mzizi, namba wakati mwingine hupumzika njiani, lakini niuache. Sasa mimi sitajua kamwe. Nikimwambia Mama Atija ni mzizi wake, huenda nikamdhulumu. Nikisema si mzizi, huenda nikamdanganya mwenye kusoma hapa. Kwa hiyo nasema tu: mwambieni daktari kila mnachokunywa, na mwambieni kabla hamjafika mlangoni.

Wiki mbili zile sikuandika ila mstari mmoja: *Kama itasimama, Zuhura atakuwa na urefu gani nikirudi?* Pindi la ukili la duru ile limejaa makosa, miyaa imeruka. Sikulifumua.

Namba iliyofuata: arobaini. Dotora alinionyesha bila kusema, nikarudisha kwa maneno yangu: "Inashuka." Iliyofuata, chini ya tano. Wakaniongezea duru mbili za kuhakikisha. Mapindi yakawa manane. Niliyashona kwa shangazi, nikamwachia mkeka, lile pindi bovu likiwa katikati yake. Rosa sikumkuta kuaga. Siku zake za sindano zilibadilishwa, ndivyo nilivyoambiwa, nami nimechagua kuamini hivyo.

*

Nilirudi nyumbani nimepona, lakini kwa sharti. Mwaka mzima nisishike mimba, kwa sababu mimba ingepandisha ileile namba, na hapo hakuna atakayejua kinachokua ni nini. Na kila mwezi nitolewe damu Palma, ipelekwe Pemba, karatasi irudi. Kabla ya kwenda kulala kwangu siku ya kwanza nilimwomba Bi Anshura aje Quitunda aeleze hayo mbele ya wote, ili yasitoke kinywani mwangu.

Mama Atija alisikiliza mpaka mwisho. Wiki mbili zikapita. Ya tatu akaviona vidonge vyangu vya kuzuia mimba.

"Mwanaume hakai mwaka mzima mbele ya chungu kilichofunikwa," akasema, haniangalii, anachambua mchele. "Nasema tu. Abudo ana umri. Yuko binamu yake kule Olumbi, mjane, hana neno."

Nilisikia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Lakini haki yake ni hii: mwanamke huyu aliosha damu yangu benchini. Na aliposema juu ya binamu, sauti yake haikuwa ya kuniudhi. Ilikuwa ya mtu anayeogopa kufa hajamwona mjukuu wa pili. Hofu naijua, naitambua kwa mtu mwingine kama ninavyoitambua kapulana yangu.

Abudo aliambiwa vilevile, nadhani. Jibu lake nililisikia nikiwa jikoni.

"Mama, mota ikiwa kwenye matengenezo, mtu haendi kununua nyingine. Anangoja."

"Na ikikataa kuwaka?"

"Mimi ni fundi."

Si kwamba alikuwa malaika. Miezi ile alirudi akichelewa, alikuwa mkali kwa vitu vidogo, chumvi, kiatu. Wakati mwingine nilimkuta ameangalia tumbo langu kama anaangalia injini ya mtu. Mimi nami nilikuwa mkali. Kila mwezi, tangu damu inatolewa mpaka karatasi inarudi, hakuna aliyeweza kusema nami. Karatasi zote zilirudi na namba, na zote zilikuwa chini ya tano, na kila moja ilininunulia usingizi wa siku chache tu.

Siku ya karatasi ya mwisho tulikwenda watatu. Mama Atija alijifunga kapulana bila kuambiwa, tukamkuta mlangoni tayari. Benchi lilelile. Sinyora wa kusini alikuwa bado yupo. Akaifungua karatasi, akatabasamu, akasema neno moja.

Sio namba. Neno.

"Negativo."

Nililijua neno hilo. Nilisoma mpaka la saba, si ndiyo? Shuleni ukipata alama mbaya, mwalimu anaizungushia wino mwekundu, hiyo ndiyo *negativa*. Umeanguka. Unarudi nyumbani kuchapwa. Nikaona sindano, nikaona kinywa, nikaona Zuhura anarefuka bila mimi. Na kichwa changu, kwa mazoea yake, tayari kilikuwa kinaitikia. Sim, sinyora.

Nikakishika. Kweli, nilikishika kwa mkono, hapa kidevuni.

"Sijaelewa," nikasema. Kwa Kireno kwanza, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika uani. "Sijaelewa. Bi Anshura! Njoo!"

Bi Anshura akaja na kitambaa kinadondosha maji. Wakasemezana. Akanigeukia, uso wote meno.

"Hamna kitu, mwanangu. Ndiyo maana yake. Wametafuta katika damu, hawakukuta kitu. Ugonjwa umekwisha. Mwaka umekwisha."

"Rudia."

"Hamna kitu!"

"Na hiyo negativa?"

"Ndiyo hiyo nzuri!"

Sinyora akamwambia tena kitu, na Bi Anshura akaongeza kwamba sasa ruhusa ipo, tukitaka mtoto. Ila mimba ikiingia nije mapema, waangalie. Abudo akageukia ukuta, akasimama anaisoma ile kalenda ya juu kwa makini sana, kama mtu asiyejua ni mwezi gani.

Mama Atija aliomba aione karatasi. Akaishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya neno, kama alivyofanya mara ile.

"Kwa hiyo hili ndilo jema?"

"Ndiyo, mama."

"Na lile lilikuwa baya."

"Ndiyo."

Akaikunja. Akafungua kitambaa chake cha kijani, akasita, akakifunga tena. Karatasi akaisukuma kifuani, kwenye sidiria, mahali anapoweka vitu vya kila siku.

"Watu hawa," akasema, akishika mkono wangu tutoke. "Baya wameliita Mola, jema wameliita negativa. Wewe mkwe wangu, toka leo, hata wakikusalimia, waambie warudie."